Kutoka Ngapi?

Msikilizaji, ukisikia bei imepungua kwa asilimia 25, usishangilie kwanza. Uliza: kutoka ngapi?

Tuseme kilo ya sukari ilikuwa shilingi 3,000, ikapanda hadi 4,000, kisha ikarudi 3,000. Mwenye duka anabandika karatasi mlangoni: "Punguzo asilimia 25". Hajadanganya. Imepungua shilingi 1,000. Ukigawanya kwa 4,000, bei ya kabla ya kushuka, kisha ukazidisha kwa 100, unapata 25. Lakini sukari ilipokuwa inapanda, shilingi 1,000 hiyo hiyo iligawanywa kwa 3,000, ikawa asilimia 33. Imepanda 33, imeshuka 25, na iko pale pale ilipokuwa. Mnunuzi hajapata nafuu hata ya senti.

Kanuni ni moja: chukua kilichopungua, gawanya kwa idadi ya mwanzo, zidisha kwa 100. Ujanja wote umejificha kwenye hiyo idadi ya mwanzo.

Tutoke dukani, twende porini. Pori la Akiba la Selous, kusini mwa Tanzania, mwaka 1976 lilihesabiwa tembo wapatao 109,000. Mwaka 2009 walikuwa kama 39,000. Sensa ya mwaka 2013, wahesabuji wakiwa angani ndani ya ndege ndogo, ilikuta 13,000 na ushei. Ujangili wa pembe za ndovu ulikuwa umepamba moto. Mwaka uliofuata UNESCO ikaliingiza pori hilo kwenye orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini.

Je, tembo walipungua kwa kiasi gani? Anayeanzia 2009 atakwambia theluthi mbili. Anayeanzia 1976 atakwambia asilimia 88. Wote wawili wamepiga hesabu sawasawa, ila yule wa kwanza amewaacha nje tembo 70,000 waliokuwa wamepungua kabla hajaanza kuhesabu.

Halafu kuna safari ya kurudi. Kutoka 13,000 hadi 39,000 si ongezeko la theluthi mbili, ni ongezeko la asilimia 200. Na tembo jike hubeba mimba karibu miezi 22, kwa ndama mmoja. Walichokiondoa majangili kwa miaka minne, uzazi hauwezi kukirudisha kwa miaka minne.

Mtego mwingine uko kwenye kodi. Septemba 2018, Kenya ilishusha kodi ya ongezeko la thamani kwenye mafuta kutoka asilimia 16 hadi 8. Mwaka 2023 ikairudisha 16. Kushuka kule kulikuwa kwa pointi 8, yaani 16 kutoa 8, lakini kodi yenyewe ilipungua kwa asilimia 50. Kupanda nako kulikuwa kwa pointi 8 zile zile, ila kwa asilimia 100. Anayetaka sifa za kupunguza atataja 50. Anayetaka kupandisha bila kelele atataja 8.

Sisi watangazaji tuna wajibu hapa: tukisoma asilimia, tusome na namba mbili zilizoizaa. Nawe msikilizaji, kiongozi akisimama mkutanoni akasema kero imepungua kwa asilimia 40, nyoosha mkono, umuulize ilikuwa ngapi na sasa ni ngapi. Akishindwa kuzitaja zote mbili, asilimia yake usirudi nayo nyumbani.