Nani Aliyeandika Kabila Lako?

(Hotuba iliyotolewa mbele ya waelimishaji wa uraia na wajumbe wa makanisa. Inachapishwa hapa kwa ombi la waliohudhuria.)



Nimeombwa niseme juu ya kabila na kitambulisho. Nitaanza kwa kukiri kosa. Mwezi Agosti mwaka 1989 nilikuwa mmoja wa walimu waliotumwa kuhesabu watu. Usiku nilifika katika nyumba za wafanyakazi wa shamba la mkonge, nikamkuta mzee ameketi mlangoni. Nilimwuliza jina na umri, akajibu vizuri. Nilipomwuliza kabila alinyamaza. Akaitazama fomu, kisha akanitazama mimi. "Mwalimu," akasema, "andika lile ambalo halitatuletea matata." Nilikuwa nimechoka, na nyumba zilizobaki zilikuwa nyingi. Nikaandika kabila la majirani zake, nikafunga kitabu, nikaenda zangu.

Kwa miaka mingi nilidhani kwamba nilikuwa nimeitia doa orodha iliyokuwa safi. La hasha. Orodha hiyo ilikuwa imeandikwa, ikafutwa na kuandikwa upya mara nyingi kabla ya kalamu yangu kuigusa. Hayo ndiyo nitakayoyaeleza leo, kwa sababu wengi wetu tunazungumza juu ya makabila ya Kenya kana kwamba Mwenyezi Mungu aliyateremsha pamoja na mito na milima, yakiwa yamekwisha kuhesabiwa.

Tuanze na serikali ya kikoloni. Mgawanyo wake wa kwanza haukuwa wa kabila bali wa aina mbili za binadamu: wenyeji na wasio wenyeji. Mwenyeji alikuwa Mwafrika. Sheria ya kuandikisha wenyeji ilipitishwa mwaka 1915, ikaanza kutumika baada ya Vita Kuu. Kila mwanamume Mwafrika aliyefikia umri wa miaka 16 alipaswa kuwa na kipande, chenye alama za vidole vyake, jina la mwajiri wake na mshahara wake, akakitia ndani ya kikopo cha chuma na kukivaa shingoni. Harry Thuku na wenzake walikipinga mwaka 1921 na 1922, na wengine waliuawa kwa risasi mjini Nairobi siku walipodai afunguliwe. Hata viti vya Baraza la Kutunga Sheria viligawanywa kwa rangi. Kwa mpango wa mwaka 1923 Wazungu walipewa viti 11 vya kuchaguliwa, Wahindi 5, Waarabu 1. Waafrika, waliokuwa wengi kuliko wote, wakawekewa mmisionari mmoja awasemee. Hawakumpata Mwafrika wa kwanza katika Baraza hilo, Eliud Mathu, hadi mwaka 1944.

Basi tazameni, ndugu zangu. Siku hizo kuitwa mwenyeji kulikuwa hasara. Mwenyeji alivaa kipande, akaishi katika rizavu, akakosa kura. Si ajabu kwamba kila aliyepata upenyo alijaribu kujitoa katika jina hilo. Kumbukeni neno hili, maana baadaye litageuka nje ndani kama kanzu.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa ndugu zetu Wasomali. Mwaka 1919 ilipitishwa sheria ya kuwaondolea baadhi ya Wasomali wa mijini hali ya wenyeji katika mambo kadhaa. Wengi wao walikuwa wa ukoo wa Isaaq, wafanyabiashara wa mifugo na askari wa zamani waliofika huku kupitia Aden na pwani ya Somalia ya Waingereza. Mwaka 1936 ikaja sheria mpya ya kodi ya kichwa kwa wasio wenyeji, iliyowatenga na Waasia na kuwawekea kiwango cha chini. Mtu wa kawaida angefurahi. Wao walikasirika! Walipeleka malalamiko Nairobi na London, wakagoma kulipa, wakidai watozwe kodi kubwa kama Waasia. Mnacheka, lakini hawakuwa wajinga hata kidogo. Walijua kwamba anayelipa kodi ya Mwasia anaweza pia kudai hospitali ya Mwasia na haki za Mwasia. Shilingi zile za ziada zilikuwa bei ya jina.

Sasa geuzeni ukurasa. Uhuru ulikuja mwaka 1963, na mwenyeji akawa ndiye mwenye nchi. Jina lililokuwa mzigo likawa ufunguo. Na Msomali, yule ambaye wakubwa wa jana walimwambia kwamba si mwenyeji kamili, akaambiwa na wakubwa wapya neno lile lile kwa maana nyingine. Vita vya Shifta vilipiganwa kaskazini hadi mwaka 1967, na sheria za hali ya hatari zikabaki huko miaka mingi baada ya vita. Mwezi Februari 1984, karibu na mji wa Wajir, wanaume wa ukoo wa Degodia walikusanywa katika uwanja wa ndege wa Wagalla, na wengi wakauawa. Hapo orodha haikuwa ya kabila tena. Ilishuka hadi kwenye ukoo.

Kisha Novemba 1989, miezi mitatu tu baada ya sisi walimu kurudisha vitabu vyetu vya sensa, serikali iliamuru kila Msomali nchini achujwe upya. Haikutosha kuwa na kitambulisho kama cha Mkenya mwingine. Mtu alisimama mbele ya jopo la maofisa na wazee, akaulizwa ukoo wake na mbari ndani ya ukoo huo, na aliyeridhisha akapewa kadi ya pili, ya rangi ya waridi. Asiyeridhisha alikabiliwa na kufukuzwa nchini. Walikuwamo watumishi wa serikali na watu waliozaliwa Nairobi na baba zao kuzaliwa Nairobi. Watoto wa wale waliogombania kutoitwa wenyeji sasa walitakiwa kuthibitisha kwamba ni wenyeji. Damu yao haikuwa imebadilika. Kilichobadilika ni faida na hasara ya jina.

Mtasema hayo ni ya kaskazini, sisi wa huku majina yetu ni ya kale. Si hivyo. Jina Kalenjin, kama jina la watu wote wanaolitumia leo, lilienea katika miaka ya 1940, likikuzwa na wanafunzi wa shule za sekondari na matangazo ya redio wakati wa vita. Maana yake ni "nawaambia". Katika sensa ya mwaka 1969 Wakipsigis, Wanandi, Watugen na wengineo waliandikwa mbalimbali. Katika sensa ya 1979 wakaandikwa pamoja, watu 1,652,243, likawa moja la makabila makubwa nchini. Sidai kwamba Rais mpya wa wakati huo alimwita karani akamwamuru. Nasema tu kwamba jumla mpya ilikuwa na manufaa yake. Waluhya nao walijipatia jina hilo la pamoja katika miaka ya 1930 na 1940, wakilikataa lile la Wabantu wa Kavirondo. Wamijikenda walikuwa wakiitwa Wanyika, jina la dharau, mpaka walipochagua lao. Hayo siyalaumu. Watu wanyonge kuunganisha majina yao ili wasikike ni haki yao. Ila wajukuu wao wasije wakapigana mapanga kwa ajili ya mpaka ambao babu zao waliuchora mezani.

Nao walipigana, au niseme walipiganishwa. Tangu Oktoba 1991, wakati nchi ilipokuwa ikidai vyama vingi, familia zilichomewa nyumba katika Bonde la Ufa kwa kuitwa wageni na madoadoa. Mwaka 2008 tuliyaona tena, vijana wakiweka vizuizi barabarani na kudai vitambulisho ili wasome jina. Wasomaji wa Biblia mnakijua kisa cha vivuko vya Yordani katika kitabu cha Waamuzi, jinsi matamshi ya neno moja yalivyotenga wa kufa na wa kupita. Sina haja ya kuongeza.

Lakini nisieleweke vibaya. Wako wenzetu wanaosema dawa ni kufuta majina yote, kila mtu aandikwe Mkenya basi. Katika sensa ya 2009 watu 610,122 walijibu hivyo hivyo, Mkenya, na mimi nawaheshimu. Hata hivyo, naomba mfikirie Waogiek wa msitu wa Mau kabla ya kupiga makofi.

Tume ya Ardhi ya kikoloni, iliyofanya kazi yake kati ya 1932 na 1934, iliwakuta watu wa misitu iliowaita Wadorobo. Ikapendekeza waingizwe katika rizavu za makabila makubwa yaliyo karibu nao. Ni sentensi fupi katika ripoti ndefu. Lakini katika mpango ule ardhi iligawiwa kwa kabila, na asiyekuwa kabila katika kitabu hakuwa na ardhi katika ramani. Msitu wao ukawa wa serikali, nao wakawa wavamizi katika makaburi ya babu zao. Kwa miongo mingi waliondolewa na kurudi, wakaondolewa tena. Sensa ya 2009, iliyoyapa makundi madogo namba zao wenyewe, iliwahesabu Waogiek 78,691. Na tarehe 26 Mei 2017 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu mjini Arusha iliamua kwamba Waogiek ni watu wa asili wa Mau na kwamba serikali yetu ilivunja haki zao. Huko mahakamani serikali ilikuwa imebisha kwamba wao si watu wa pekee. Hoja ya mkoloni, miaka 80 baadaye, katika kinywa cha mwanasheria wa Jamhuri! Kwao basi, kufutwa jina hakukuwa umoja wa taifa, kulikuwa kunyang'anywa.

Ndiyo maana nakataa kuulizwa kama orodha ya makabila ni njema au mbaya. Swali langu kwa karani, kwa chifu, kwa ofisi ya kuandikisha watu, ni moja: jina hili unaliandika ili unipe nini, au uninyime nini? Na swali la pili lifuate mara moja: asiyekuwamo atakwenda wapi?

Asiyekuwamo tumemwona. Wamakonde walitoka Msumbiji wakati wa ukoloni kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa ya pwani. Walizaa, wakazika, wakazeeka huku, bila kitambulisho, kwa hiyo bila kura na bila akaunti ya benki. Oktoba 2016 mamia yao walitembea kutoka Kwale kwenda Nairobi hadi wakasikilizwa Ikulu, na mwanzoni mwa 2017 wakaanza kupewa vitambulisho kama kabila la 43. Mwezi Julai mwaka huo huo Wakenya wenye asili ya Asia wakatangazwa kuwa la 44. Mwaka 2023 ikawa zamu ya Wapemba. Nilifurahi na ninafurahi bado. Ila neno moja lanikera. Katiba ya 2010 haina orodha ya makabila. Haitaji 42, wala 43, wala 44. Ibara ya 12 inampa kila raia haki ya kitambulisho kwa kuwa ni raia, si kwa kuwa kabila lake limepewa namba na mkubwa fulani. Uraia unaotolewa kama zawadi waweza kurudishwa kabatini.

Nilipowaona wale watembezi katika magazeti, wazee kwa vijana, nilimkumbuka mzee wa mkonge. Huenda alikuwa Mmakonde. Huenda hakuwa, sikumwuliza mara ya pili. Katika vitabu vya mwaka 1989 yeye na watu wa nyumba yake ni kabila la jirani, kwa mwandiko wangu.

Februari 2025, mjini Wajir, Rais alitangaza kwamba ule uchunguzi wa ziada kwa waombaji wa vitambulisho katika maeneo ya mipakani umekomeshwa. Tangazo ni jambo moja, na dirisha la ofisi ni jambo jingine. Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, kabla ya maswali naomba hivi. Kila mjumbe akirudi kwake aandike katika daftari la parokia au la kikundi: nani aliomba kitambulisho, tarehe gani, aliombwa karatasi gani ambayo jirani yake hakuombwa, na alijibiwa nini. Msiandike kabila lake isipokuwa yeye mwenyewe ametaka, na mkiandika, andikeni atakalolisema. Katibu ana fomu mezani karibu na mlango. Wale mliokuja na mikasa yenu leo, anzeni kupanga foleni. Chai itawafuata hapo hapo.