Kunawa Mikono: Kutoka Kujua Hadi Kuzoea
(Maneno ya Mratibu wa Miradi katika mkutano wa kamati za sharika na wafadhili)



Naomba tutafakari swali moja. Kwa nini mtu anayejua kwamba maji na sabuni huzuia kuhara hutoka chooni bila kunawa? Ukimwuliza atakujibu vizuri kabisa. Elimu anayo, mazoea ndiyo hana.

Mambo mengi tuyafanyayo kila siku hatuyafikirii. Huamshwa na mahali tulipo, saa, na tendo lililotangulia. Mama akiona uji unachemka, mkono huenda wenyewe kwenye mwiko. Basi tukitaka zoea jipya, tulipe mahali pake. Kibuyu chirizi kikining'inizwa jikoni hakimkumbushi mtu anayetoka chooni. Kiwe palepale mlangoni pa choo, na sabuni yake imefungwa kwa kamba. Maji kinayotumia ni kidogo, hata kiangazi.

Pili, tujue kinachomsukuma mtu. Katika jimbo la Andhra Pradesh nchini India, watafiti walifanya kazi katika vijiji 14. Vijiji 7 vilipata kampeni ambayo haikutegemea mafundisho ya vijidudu. Iligusa kinyaa, na hamu ya mama kulea mtoto mwenye adabu na maendeleo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2014. Baada ya miezi 6, watu wa vijiji hivyo walinawa kwa sabuni mara 37 katika kila nafasi 100 zilizotakiwa; katika vijiji vingine ilikuwa mara 6 tu. Hofu ya ugonjwa hupoa upesi, lakini heshima ya nyumba mtu huilinda kila siku.

Tatu ni muda. Utafiti wa London uliochapishwa mwaka 2009 uliwafuatilia watu 96, kila mmoja akijizoeza jambo moja dogo, kama kunywa maji kila alapo chakula cha mchana. Kwa wastani zoea lilishika baada ya siku 66. Wengine zilitosha siku 18. Wengine walikadiriwa kuhitaji hata 254. Tena, kuruka siku moja hakukuharibu kazi. Kwa hiyo tusimkemee aliyesahau. Tumtie moyo aendelee kesho.

Ndugu zangu, semina ya siku 2 haizai zoea la siku 66. Tukihesabu waliosaini mahudhurio, tunahesabu waliosikia tu. Naziomba kamati zihesabu vibuyu vyenye maji na sabuni iliyolowa. Kila mtaa uchague akina mama na vijana wachache wa kuzitembelea kaya mara moja kwa wiki, kwa wiki 10. Wasiende kukagua kama askari. Waende kama majirani.

Nanyi wafadhili wetu, mkiona kwenye bajeti nauli za hao wahamasishaji, msizihesabu kuwa gharama za pembeni. Semina hufungua mlango tu. Ziara hizo ndizo mradi wenyewe, na anayenufaika ni mtoto wa chini ya miaka 5, ambaye kuhara bado kunaweza kumwua.

Haba na haba hujaza kibaba.