Shida ya Kuamka

Somo: Matendo ya Mitume 12:1–17

Leo twataka kuzungumza nanyi habari za kulala na kuamka. Mfano wetu tutauchukua katika chombo ambacho siku hizi kimeingia maofisini, mashuleni, na hata katika vestri za makanisa yetu, yaani kompyuta ya mapakato.

Twende kwa mawazo hadi Mkomani, katika mji wa kale wa Lamu. Mji huo uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, na waufahamuo wanavijua vichochoro vyake vyembamba, nyumba zake za mawe ya matumbawe, na punda wabebao mizigo mahali ambapo gari halipiti. Na tuwaze kwamba katika chumba kimoja cha chini yuko dada mmoja ambaye kazi yake ni kupiga chapa barua na hati za watu. Leo anaandika majina ya vijana watakaopokea Kipaimara siku Askofu atakapokuja. Saa ya chakula yafika. Anakifunika kifuniko cha kompyuta bila kuizima, naye anakwenda kula.

Akirudi anafunua. Taa ndogo yawaka, feni yavuma, lakini kioo ni cheusi. Anabonyeza hapa na pale, kimya. Mwisho kompyuta yajizima yenyewe na kuanza upya, na yale majina hayapo. Jirani anachungulia mlangoni na kusema, "Imekufa hiyo, mwanangu, tafuta nyingine." Lakini je, imekufa? Asubuhi iliwaka vizuri, ikafanya kazi saa nne bila taabu. Shida yake ni moja tu: haiwezi kuamka.

Ndugu zangu, yafaa tuelewe usingizi wa kompyuta ni kitu gani. Mnamo mwaka 1996 kampuni za Intel, Microsoft na Toshiba zilitoa kanuni iitwayo ACPI, ambayo imepanga usingizi huo kwa daraja. Katika daraja ya tatu, karibu kila kitu huzimwa: kioo, diski, na ule ubongo unaopiga hesabu. Kinachobaki na umeme ni kumbukumbu ya muda, mahali kazi ya sasa inapokaa. Kumbukumbu hiyo ni sahaulifu mno. Yapasa ihuishwe kwa umeme tena na tena, kwa kawaida kila baada ya sehemu 64 za sekunde iliyogawanywa mara elfu. Umeme ukikatika, yote husahaulika. Katika daraja ya nne ni tofauti: kompyuta kwanza huandika kila kitu katika diski, ndipo huzima kabisa, na kazi hubaki salama hata bila umeme. Kompyuta nyingi za siku hizi zina usingizi mwepesi zaidi kuliko ile daraja ya tatu, lakini jambo ni lile lile.

Basi wakati wa kuamka, kila kiungo hakina budi kurudi mahali pake: kioo, sauti, mtandao, diski. Kila kiungo kina programu yake ndogo ya kukiongoza, ambayo mafundi huiita draiva. Draiva moja ikikosea, labda ile ya kioo au ya mtandao, mwili wote huanguka. Viungo vingine vyote vi wazima, lakini kimoja hakikuamka pamoja na wenzake.

Fundi mwenye busara hafanyi haraka kununua nyingine, wala haipigipigi mezani. Kwanza huiwekea dawa ya muda: huipanga isilale kwanza, na humwambia mwenyewe aihifadhi kazi yake kila mara. Kisha huondoa vyote vilivyochomekwa, printa na vinginevyo, akailaza, akaiamsha. Ikiamka, hurudisha kimoja, akajaribu tena. Halafu cha pili. Hasomi mawazo ya majirani, bali husoma daftari la makosa ambalo kompyuta hujiandikia yenyewe ndani, akatazama ile dakika ya kuamka. Hutafuta draiva mpya kwa mtengenezaji. Na kama ugonjwa ulianza baada ya kuweka draiva mpya, huirudisha ile ya zamani. Huipima kumbukumbu, maana programu ya kupimia imo ndani ya Windows yenyewe. Ikilazimu kubadili programu ile ya msingi iitwayo BIOS, hufanya hivyo betri ikiwa imejaa na waya umechomekwa ukutani, kwa sababu umeme ukipotea katikati ya kazi hiyo, hasara ni kubwa. Na katika hayo yote hubadili jambo moja tu kwa wakati mmoja. Akibadili matano kwa pamoja, hata ikipona hatajua ilikuwa ikiumwa nini.

Sasa, wapendwa, tutazame somo letu. Petro amelala gerezani kati ya askari wawili, amefungwa minyororo miwili, na kesho yake Herode amekusudia kumtoa. Malaika anakuja na kumwamsha. Angalieni jinsi anavyomwamsha! Anampiga ubavuni, anamwinua. Kisha anamwagiza afunge mshipi. Kisha viatu. Kisha vazi. Ndipo anamwambia afuate. Malaika aliyeweza kuangusha minyororo hakushindwa kumrusha Petro nje ya ukuta, lakini alimpitisha hatua kwa hatua: lindo la kwanza, lindo la pili, lango la chuma, na njia moja ya mji. Tena Luka anatueleza kwamba muda huo wote Petro alidhani anaona maono. Alikuwa akitembea, na bado hajaamka sawasawa. Akili zake zilimrudia barabarani, baada ya malaika kumwacha.

Je, sisi tunawaamsha watu wetu namna hiyo? Katika kila mtaa wa kanisa yupo ndugu aliyelala. Labda alifiwa, akakosa wa kumfariji. Labda aligombana na wazee wa kanisa juu ya fedha za ujenzi. Miaka miwili hatukumwona. Jumapili moja anakuja, tunashangilia, na papo hapo tunamtwika uimbaji, ukusanyaji wa sadaka na kamati ya vijana. Mwezi haujaisha, ameanguka. Ndipo tunatikisa vichwa, kama yule jirani wa mlangoni, na kusema, "Huyo amekwisha."

Hapana, hajaisha. Kiungo kimoja hakijaamka. Huenda ni aibu, maana anadaiwa na mtu aketiye kiti cha mbele. Huenda ni chuki ambayo hajaisamehe. Huenda ni chupa. Imani yake i hai, upendo wake kwa Bwana u hai, lakini hilo moja lamwangusha kila anapoinuka. Yatupasa tumpunguzie mizigo, tuketi naye, tumsikilize mwenyewe badala ya kusikiliza majirani, na kulishughulikia jambo moja kwa wakati mmoja. Mshipi kwanza, viatu baadaye. Lango la chuma lina saa yake.

Tena tujifunze kuhifadhi kabla ya kulala. Yale majina ya Mkomani hayakupotea kwa sababu ya usingizi peke yake. Yalipotea kwa kuwa yalikuwa bado katika kumbukumbu ya muda. Mtume Paulo awaagiza Waefeso wamalize hasira zao kabla ya usiku kuingia. Neno la msamaha ulilokusudia kumwambia mkeo kesho, deni ulilokusudia kulipa mwezi ujao, hayo bado hayajaandikwa. Yaandike leo.

Nawe uliyechoka, ambaye wasikia maneno haya ukijiona umezimika kabisa, usiogope. Zaburi ya 121 yatueleza habari za Mlinzi ambaye usingizi haumjii. Ikiwa wanadamu wameweza kubuni chombo kinacholindwa kila nukta ya usingizi wake kisisahau kazi yake, je, Baba yako wa mbinguni atakusahau wewe?

Lakini neno la mwisho ni letu sisi kanisa. Petro alipokwisha kuamka, alikwenda nyumbani kwa Mariamu mama yake Yohana Marko, akabisha. Ndani watu walikuwa wakimwombea yeye huyo. Roda alipowapa habari, wakamwona ana wazimu. Lango la chuma la Herode lilikuwa limefunguka lenyewe. Mlango wa waombaji ndio uliokawia. Yupo leo abishaye mlangoni petu, ambaye tumemwombea miaka mingi na kumkatia tamaa. Tumfungulie.

Tuombe. Ee Mungu uliye Mlinzi wetu, tunawaleta kwako wote wanaojaribu kuinuka na kuanguka. Wape nguvu ya hatua ya leo. Utupe sisi uvumilivu wa kutafuta panapouma, na mikono myepesi ya kufungua mlango. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.