Kovu ni Fupi, Lakini Chuma ni Gani?

(Maneno ya mwanachama wa reli mbele ya wafanya kazi wenzake, Kabati, Kitui)



Sisi tunaoinua mataruma huko Kibwezi na Emali twajua jinsi magoti na nyonga zinavyochakaa. Mjomba wangu hapa Kabati alifanya kazi hiyo, na nyonga yake imekwisha. Mwaka jana alirudi kutoka mjini anafurahi. Aliambiwa atatiwa nyonga mpya kwa tundu dogo tu, hata kovu halitaonekana. Akataka kuuza ng'ombe watatu. Nikamwuliza, "Mjomba, hicho chuma kimetengenezwa na nani?" Akanyamaza. Alijua urefu wa kovu, hakujua kitakachobaki ndani ya mwili wake.

Ndugu zangu, sisemi kiungo cha kutengenezwa ni kibaya. Daktari John Charnley wa Uingereza alitengeneza nyonga ya chuma na plastiki. Plastiki yake ya kwanza, Teflon, ilisagika kwa miaka michache, ikambidi awapasue wagonjwa mara ya pili. Novemba 1962 akaanza kutumia plastiki iliyo imara zaidi, na wengi wakatembea nayo miaka 20 na zaidi. Angalieni basi: hata wale wa Teflon walitembea vizuri mwanzoni. Ubovu ulikuja nyuma.

Katika miaka ya 2000 makampuni yalitangaza sana tundu dogo. Madaktari waliolinganisha waliona kwamba baada ya miezi kadhaa mwenye kovu fupi na mwenye kovu refu hutembea karibu sawa. Tena katika tundu dogo daktari haoni sana, na asiyezoea aweza kukiweka kiungo upande. Ni kama kukaza reli gizani.

Na chuma chenyewe? Agosti 2010 kampuni ya DePuy iliziondoa sokoni nyonga zake za ASR, ambazo chuma husuguana na chuma. Watu kama 93,000 duniani walikuwa wamekwisha kutiwa. Wengine zilisagika, kobalti na kromi zikaingia damuni. Ubovu huo ulionekana wazi katika daftari za Australia na Uingereza, ambako kila nyonga inayotiwa huandikwa. Malawi nayo ilianza daftari yake mwaka 2005.

Kwa hiyo, kabla ya kulala kitandani, uliza maneno matatu. Daktari huyu amefanya kazi hii mara ngapi? Jina la chuma na nambari yake ni nini? Kikiharibika, nani atalipa? Majibu yaandikwe, nawe uyaweke pamoja na karatasi zako za mshahara. Na ukiwa umeumia kazini, njoo chamani upesi, maana sheria ya fidia ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri alipe matibabu.

Kila behewa lina nambari, na likiharibika hujulikana lilikotoka. Je, mguu wa mfanya kazi una thamani ndogo kuliko behewa?

Ng'ombe wa mjomba wangali zizini. Juma lijalo nitakwenda naye mjini, tukaulize pamoja.