MATEMBEZI YA WATU WA NYUMBANI KATIKA MSITU WA AMANI



Habari niliyowaletea si ya kazi wala ya biashara. Ni habari ya matembezi. Wengi wetu tuingiapo msituni huingia na shoka au panga, kwa kuwa twatafuta kuni, au fito, au nguzo ya nyumba. Hayo yana haja yake. Lakini ni wachache waingiao na mikono mitupu, pamoja na wake zao na watoto wao, kwa kusudi la kuitazama tu mimea iliyoota humo yenyewe pasipo kupandwa na mtu. Furaha hiyo haina gharama kubwa, na faida yake ni nyingi, kama nitakavyowaonyesha.

Nitachukua mfano wa msitu wa Amani, ulio katika milima ya Usambara ya Mashariki, mkoa wa Tanga. Kutoka Muheza hata Amani ni mwendo wa kilomita 35 hivi, na njia yapanda milimani kwa kuzungukazunguka. Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha huko kituo cha kuchunguza mimea, wakapanda miti iliyotoka katika nchi nyingi za dunia. Mwaka 1997 Serikali ya Tanzania iliufanya msitu huo kuwa hifadhi. Kwa hiyo mgeni hupita kwanza langoni, akapata ruhusa, ndipo akaingia.

Hapo ndipo lilipo funzo la kwanza: si kila kilicho kibichi ni mwenyeji. Mtoto aonapo misaji na mikaratusi hudhani kwamba ndiyo miti ya babu zake, kumbe ni wageni. Uko na mgeni mwingine aitwaye msizi. Asili yake ni nchi zilizo karibu na Ziwa Viktoria, nao uliletwa Amani ukapandwa. Ndege aitwaye hondohondo hula matunda yake na kuzidondosha mbegu mbali, tena mti wenyewe hukua upesi mno mahali palipo wazi. Hivyo umeingia ndani ya msitu na kuishika nafasi ya wenyeji. Basi afadhali mwanzo wa matembezi uwe mchezo wa kutambuana: nani mwenyeji hapa, na nani mgeni?

Mwenyeji mmoja ni msambu. Matunda yake ni makubwa ajabu, hata huweza kuzidi urefu wa sentimita 30, nayo huning'inia matawini kama mifuko. Yakiiva huanguka yenyewe, na watu huyaokota chini. Ndani mna mbegu zenye mafuta yanayoganda, ambayo Wasambaa wameyatumia tangu zamani kwa mapishi. Tena, miti ya msambu iko ya kiume na ya kike, na ule wa kiume hauzai kamwe. Mtu asiyejua neno hili huweza kuukata akidhani kwamba ni tasa na haufai, kumbe pasipo huo mwenzake naye hatapata matunda.

Mtoto atauliza, "Baba, mti huu wafaa nini?" Mjibuni kama mjuavyo. Lakini mfundisheni na swali la pili: "Mti huu waishije?" Swali la kwanza laweza kwisha kwa neno moja, kama vile mbao au kuni. Swali la pili halina mwisho. Kwa nini mizizi ya mti huu imesimama kando ya shina kama kuta? Kwa sababu udongo wenye rutuba ni wa juujuu, na mti mrefu wahitaji kiegemeo usianguke. Kwa nini majani mengi yana ncha ndefu? Ili maji ya mvua yatiririke upesi. Kwa nini mti wa jamii ya mkuyu umeukumbatia mti mwingine? Ndege aliiangusha mbegu juu ya tawi, ikaota, ikateremsha mizizi mpaka chini, na baada ya miaka mingi mwenyeji wake husongwa akafa. Mzee atakayewaonyesha watoto mambo hayo amewapa somo ambalo hawatalisahau.

Sasa tuteremke kijitoni, penye mawe yaliyofunikwa kuvumwani na kangaga. Tazameni kwa makini katika nyufa za mwamba. Mkibahatika mtaona mmea mdogo wenye majani manene yenye vinyweleo, na maua ya rangi ya zambarau yenye kitovu cha manjano. Ua hilo dogo lina sifa duniani kote. Mwaka 1892 Mjerumani aitwaye Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mtawala wa wilaya ya Tanga, alimpelekea baba yake huko Ujerumani. Mwaka 1893 bingwa wa mimea Hermann Wendland aliliandika na kulipa jina la ukoo ule, Saintpaulia. Wajerumani wa kawaida huliita urujuani wa Usambara. Leo limo madirishani mwa nyumba nyingi za Ulaya na Marekani, na huenda wengi walipendao hawajui Usambara iko wapi.

Hapa, wasikilizaji, nawasihi sana. Mmea huo hauoti kila mahali. Hupenda mwamba wenye unyevu na kivuli, na aina nyingine za jamii yake hupatikana mahali pachache tu. Mtoto mmoja aking'oa mche ili akaupande nyumbani, na kesho mwenzake aking'oa mwingine, jiwe litabaki tupu. Yauzwayo madukani ni yale yaliyopandwa bustanini, basi hapana haja ya kuyaiba ya mwambani. Tena hata asipokuja mtu kuung'oa, miti mikubwa ya juu ikikatwa, jua hufika mwambani, nao hufa kwa ukame. Na kisima hukauka vivyo hivyo. Mto Zigi watoka katika milima hiyo, na watu wa mji wa Tanga hunywa maji yake. Kwa hiyo anayekilinda kivuli cha ua dogo, analinda na mtungi wa mtu aliye mbali asiyemjua.

Neno moja la hadhari. Msiwaache watoto waonje wasichokijua. Mabungo yaliyoiva ni matamu, na watu wa pwani wayajua sana. Lakini ziko mbegu nyekundu zenye doa jeusi, za mmea utambaao uitwao mturituri. Ni nzuri kwa macho, na watoto hupenda kuzichezea, lakini mtoto akizitafuna zaweza kumwua. Upupu nao uko kando ya njia, na atakayeushika atajikuna mpaka jioni. Basi iwepo sheria moja kabla ya kuondoka nyumbani: tunatazama, tunanusa, tunauliza, lakini hatuli wala hatung'oi mpaka mkubwa aseme.

Na mkubwa huyo ni nani? Mara nyingi ni bibi. Vijana wa shule, ninyi mwajua kusoma, lakini bibi zenu wajua majina. Wajua mti upi hutoa maua mvua za vuli zikianza, na jani gani hupikwa kama mboga. Elimu hiyo haimo vitabuni yote, nayo haimngoji mtu. Mchukueni bibi pamoja nanyi, mkimpa fimbo na mwendo wa polepole. Mmoja wenu na achukue daftari, aandike jina la mmea kwa Kisambaa, au kwa lugha ya kwenu popote mlipo, na jina la Kiswahili kama liko, na mahali ulipoonekana, na mwezi wa maua yake. Mkirudi mwaka ujao mtaweza kusema kwa hakika kama mmea ule ungalipo ama umetoweka. Daftari hilo litakuwa mali ya nyumba yenu.

Wala si lazima kwenda Amani. Kila nchi ina kichaka chake kilichosalia, kando ya mto au juu ya kilima. Chagueni siku moja isiyo ya kazi, fungeni chakula, acheni panga nyumbani, mwende.

Kwaherini.