Ada Mbili za Mwanachuo

(Nakala ya mawaidha yaliyotolewa kwa vijana na wazazi baada ya Swala ya Isha, Ifakara)

  



Katika bonde letu la Kilombero mzazi huuza mpunga ili mwanawe asome. Sote twajua gunia lile limepitia wapi: kulima, kupanda, kupalilia, kuamia ndege tangu alfajiri hadi jua lizame, ndipo kuvuna. Gunia hilo hugeuzwa ada ya chuo. Kisha, baada ya mwaka mmoja, baadhi ya vijana hurejea na begi mkononi, hawana la kumwambia mzazi. "Wamedisko", kama wasemavyo wenyewe. Hao si wajinga. Mitihani ya sekondari waliifaulu. Ila ada ni mbili, ndugu zangu. Ada ya fedha mzazi ameilipa; ada ya kusoma, yaani mazoea, kijana hakuwa nayo. Wala hakujua barabara alichokifuata.

Tuanze na hilo la lengo. Ukimuuliza kijana, "Wataka kuwa nani?" hujibu upesi, "Daktari." Ukimuuliza, "Njia yake waijua?" hunyamaza. Basi na aijue. Stashahada ya utabibu ni miaka mitatu, na anayeomba kutoka kidato cha nne hutakiwa awe na ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, yakiwemo Kemia, Baiolojia na Fizikia. Shahada ya udaktari ni miaka mitano, kisha mwaka mmoja wa utarajali hospitalini. Mimi ni mwalimu wa madrasa, nami nasema waziwazi: alama nzuri ya Elimu ya Dini ya Kiislamu haizibi pengo la Kemia. Anayemdanganya mtoto katika hilo hamtendei wema.

Kwa hiyo, kijana, andika lengo lako katika karatasi. Chini yake andika masharti yake. Kisha andika mwaka huu utafanya nini, muhula huu nini, wiki hii nini. Hapahapa Ifakara pana vyuo vya afya; nenda kawaulize wanaosoma huko kabla hujajaza fomu. Na uitengeneze nia yako: bonde hili lahitaji waganga, walimu na mabwana shamba, si wenye vyeti tu.

Jambo la pili ni kudumu. Mama yetu Aisha (r.a.) amepokea kutoka kwa Mtume (s.a.w.) mafundisho kwamba amali inayopendeza zaidi kwa Allah ni ile idumuyo, japo ni chache. Twaisikia Hadithi hii kila Ramadhani, lakini twadhani haihusu daftari la chuo.

Tazameni mfano tulio nao mlangoni. Taasisi ya Afya ya Ifakara ilianza katika miaka ya 1950 ikiwa maabara ndogo iliyoasisiwa na Profesa Rudolf Geigy wa Uswisi. Mwaka 1996 watafiti wake walianza kuziandikisha kaya katika vijiji vya Kilombero na Ulanga. Kisha wakawa wakirudi nyumba kwa nyumba, kila baada ya miezi minne: nani kazaliwa, nani kahama, nani kafariki. Maswali yaleyale, mlango uleule. Kwa mtazamaji ilikuwa kazi ndogo ya kuchosha. Lakini mwaka 2001, kwa kutegemea kumbukumbu hizo, ilichapishwa kwamba matumizi ya vyandarua vilivyotiwa dawa yaliambatana na ongezeko la asilimia 27 la kunusurika kwa watoto wa umri wa mwezi mmoja hadi miaka minne. Elimu hiyo haikupatikana kwa kukesha usiku mmoja.

Nami nilikesha, na nikaanguka. Mwaka wangu wa kwanza ugenini, masomo yote yakiwa kwa Kiarabu, nilijiona nayajua tangu madrasa. Nikaacha daftari hadi wiki ya mtihani. Nikafeli Nahau, nikarudia mtihani huku wenzangu wakienda likizo. Tangu hapo nikajilazimisha kusoma kurasa mbili kila baada ya Alfajiri. Kurasa mbili tu, lakini sikuziacha. Hizo ndizo zilizonifikisha.

Kijana, swala tano zimekwisha kukugawia siku, zitumie. Baada ya Alfajiri soma somo lililo gumu zaidi. Baada ya Alasiri pitia alichofundisha mhadhiri siku ileile, kabla hakijapoa. Baada ya Isha jadiliana na wenzako, simu zikiwa zimezimwa. Kila Ijumaa jihesabu: nilipanga nini, nimetimiza nini? Kumbuka kwamba katika vyuo vingi alama za kazi na majaribio ya muhula, mara nyingi 40 kati ya 100, huhesabiwa kabla ya mtihani wa mwisho. Asubiriye mtihani amekwisha kuchelewa.

Nanyi wazazi mna sehemu yenu. Msimchagulie mtoto kazi kwa kuwa jirani kafanya hivyo. Msimwite nyumbani katikati ya muhula kwa kila shughuli ya ukoo. Na binti apewe nafasi sawa na kaka yake. Mkilipa ada, ulizieni pia ile ada ya pili: "Mwanangu, leo umesoma nini?"

Hakuna avunaye mpunga kwa kuamia ndege siku moja. Tunamuomba Allah (s.w.) awape vijana wetu nia njema, subira na kudumu, na asiyapoteze majasho ya wazazi wao. Amin.