Cheche za Tesla: Namna ya Kuanza

Vijana wa Karatu, mnaijua radi ya masika juu ya Ngorongoro. Mwaka 1891 Nikola Tesla alibuni mtambo wa kutoa cheche za namna hiyo. Ukitaka kuujenga, anza na ule mdogo wa betri ya volti 9. Cheche zake ni fupi, lakini taa ya mrija ikisogezwa karibu huwaka bila waya, nalo si jambo dogo!

Transfoma ya jiko la maikrowevu usiiguse kabisa. Hutoa volti 2,000 hivi, nayo huua. Tena kapasita yake huweza kubaki na umeme hata plagi ikiwa imechomolewa; fundi huuawa na chombo alichokwisha kukizima. Usifanye kazi hii peke yako. Mwenzako akae karibu na swichi.